Moja Nukta Nne

Saa kumi na mbili kasoro robo, Isevya bado inanuka jivu la jana,
nashuka hadi kwenye pipa la bluu
na kalamu isiyoandika.
Ina meno mawili ya chuma, membamba kama ya panya.
Naichovya, naitikisa viputo vitoke,
nangoja tarakimu zichoke kurukaruka.

Majirani huuliza: kidude hicho kinapima mbolea?
Hakijui mbolea. Kinajua mizigo.
Umeme kiduchu, usioweza hata kumshtua sisimizi,
hutoka jino hili kwenda jino lile,
na maji matupu hayauvushi.
Chumvi ndio wapagazi wake.
Wakizidi wapagazi, namba hupanda;
nasi wa Unyanyembe hatufundishwi habari za mizigo.

Saladi zangu hutaka moja nukta nne.
Milisimensi: neno ambalo binti yangu Kalunde
hulitamka kama jina la mjomba wa mbali.

Baba alilima tumbaku Sikonge miaka kumi na tisa.
Robota alilibeba mwenyewe, uzito wake akaujua kwa mgongo,
na mbele ya mzani wa chama, kofia mkononi,
likasomeka pungufu kilo sita.
Mgongo haukupewa stakabadhi.

Ndiyo maana mimi sikuamini kipimo kisichopimwa.
Nilinunua chupa ndogo ya maji ya ushahidi,
maji ya namba moja tu maishani,
moja nukta nne moja tatu,
na kila Jumatatu kalamu yangu ilikula kiapo ndani yake.

Mwezi wa tisa saladi zikaanza kuungua ncha,
kahawia, kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa.
Napima: moja nukta nne.
Nikasema ni jua, nikatandika wavu.
Napima: moja nukta tatu.
Nikasema ni njaa, nikaongeza
kijiko cha mfuko wa kwanza, kijiko cha mfuko wa pili.
Mama Siwema wa hotelini alipokea vichwa kumi na viwili,
akarudisha tisa.
“Hizi umezikaanga kabisa, ama?”

Kifuniko kilionekana kwenye ubao wa drafti.
Kete nyeupe, safu ya nyuma, pembeni.
Kalunde alikichukua tangu likizo ya mwezi wa sita,
akakipandisha cheo mara ngapi, hajui.
Na chupa, huko rafuni, mdomo wazi.

Kiangazi cha Tabora kilikunywa maji,
chumvi kikamwachia mwenye nyumba.
Shahidi wangu alikuwa amebaki nusu,
mzito kama uji,
na lebo kifuani ikisema ni yule yule.
Jumatatu kumi na tatu amekuwa akiifundisha kalamu
kuita kingi kidogo,
nami nikiifuata kwa uaminifu. Uaminifu huo ndio ulioniuma.

Chupa mpya ilifika na basi la Mwanza, imefungwa kwa gazeti.
Nikasahihisha. Nikachovya.
Pipa likatamka: mbili nukta sita.
Nilichota ndoo kumi na moja nikawamwagia mipapai,
nikajaza maji ya bomba, polepole,
kama anayeomba radhi kwa mtu aliyelala.

Usiku nilimfikiria karani wa mzani, na mashati yake ya pasi.
Labda naye aliapa kila Jumatatu
juu ya jiwe lililokwisha kulika.
Labda alikuwa mwizi tu.
Sijamsamehe. Ila sasa siwezi kulala upande mmoja.

Kalunde amerudisha kifuniko.
Mahali pake ubaoni ameweka punje ya karanga,
anadai hiyo ndiyo hula kete zote.
Leo asubuhi: moja nukta nne.
Nafuta meno kwa kitambaa,
nakaza kifuniko hadi kidole kinauma,
napima tena.